Pima Umbali wa Kazi Yako Kabla ya Kuchagua Lenzi ya Jicho

Mtu wa Lamu akishaambiwa ana mtoto wa jicho na tiba yake ni upasuaji, swali la kwanza huwa la bei. La pili huwa, "Daktari, lenzi ipi ndiyo bora?" Sisi tulio katika kazi ya macho huku pwani tumejifunza kulirudisha swali hilo kwa mwenyewe: kazi yako unaifanyia umbali gani kutoka usoni? Anayejibu kwa sentimita huchagua vizuri, awe na pesa nyingi au chache. Anayejibu "nitilie ile ya juu kabisa" ndiye ambaye mara nyingi hurudi baada ya mwezi ananung'unika, ingawa upasuaji ulikwenda salama na ubao wa herufi anausoma mpaka mstari wa chini.

Nyuma ya mboni mna lenzi ya maumbile, imekaa ndani ya mfuko mwembamba sana. Lenzi hiyo ikiingia ukungu ndipo tunasema mtoto wa jicho. Hakuna tone, asali wala dawa ya mti itakayoirudishia uangavu wake, na asali au maji ya majani yakitiwa jichoni huweza kuunguza konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, au kuleta usaha, kisha upasuaji ukacheleweshwa kwa miezi. Daktari hufungua mfuko upande wa mbele, huitoa lenzi iliyoharibika, huuacha mfuko wenyewe, na ndani yake huweka lenzi mpya. Nguvu ya lenzi hupimwa kwa diopta. Konea huchangia kama diopta 43, lenzi ya maumbile kama 20. Kwa hiyo lenzi mpya kwa jicho la urefu wa kawaida huwa karibu na +20 hadi +22, na hutengenezwa kwa hatua za nusu diopta.

Jambo la kushika ni hili: lenzi ya ujanani hubadili umbo kila unapotazama karibu. Upungufu wa uwezo huo huanza kuhisika karibu na miaka 40, na lenzi ya kiwandani haiurudishi. Hukaa na nguvu ileile uliyopewa siku ya upasuaji. Ndiyo maana umbali lazima uamuliwe kabla.

Wengi huogopa kusikia kwamba kitu hicho ni plastiki. Hofu hiyo ina jibu la miaka mingi. Harold Ridley, daktari wa macho wa hospitali ya St Thomas' mjini London, alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya akriliki vilivyowaingia marubani machoni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia havikuleta uvimbe uliotarajiwa, na mwaka 1949 akapandikiza lenzi ya kwanza ya akriliki hiyo. Lenzi hailiwi na mwili, haiozi, na kwa kawaida hukaa umri wote. Na mtu asidharau lenzi ya bei nafuu. Tangu kiwanda cha Aurolab cha Madurai, India, kilipoanza mwaka 1992, lenzi za umbali mmoja zimeshuka bei sana kwa nchi kama yetu, na zikipimwa sawasawa zinampa mtu uoni mkali wa mbali.

Sasa chukua tepu ya fundi cherehani. Kaa vile unavyokaa ukiwa kazini, mtu mwingine ashike ncha moja penye kona ya jicho lako na nyingine pale unapotazama. Andika sentimita, kisha gawanya 100 kwa namba hiyo. Jibu ndilo hesabu ya diopta ya kazi yako. Sentimita 33 ni diopta 3, sentimita 40 ni 2.5, nusu mita ni 2, sentimita 66 ni 1.5, mita moja ni 1. Kitu kilicho mbali, kwa mfano boya la mlango wa Mkanda au jahazi linalozunguka Shela, ni karibu na sifuri.

Mshona kofia anayetoboa vitundu kwa sindano huwa kwenye sentimita 30 hadi 35. Anayesoma msahafu uliowekwa juu ya marufaa huwa kwenye nusu mita. Fundi wa jahazi wa Matondoni anapokalafati hufanyia kazi mkono ulionyooka, yaani sentimita 60 au 70. Nahodha anataka mbali, lakini pia anataka kuiona simu na dira. Muuza samaki anataka mizani na noti, basi. Wote hawa wanaweza kuwa na mtoto wa jicho wa aina moja na bado wakahitaji maamuzi tofauti.

Lenzi ya umbali mmoja, yaani monofokali, ndiyo inayowekwa kwa watu wengi zaidi duniani, na kwa maoni yetu ndiyo inayomfaa mgonjwa mwingi wa Lamu. Mwanga wote unakwenda mahali pamoja, kwa hiyo picha ni kali na usiku taa hazizungukwi na pete. Ikilengwa mbali, mtu ataona njia, nyuso na bahari bila miwani, na kwa kusoma atavaa miwani ya +2.50 hivi, ambayo inauzwa popote. Lakini si lazima ilengwe mbali. Jicho likiachwa na ufupi wa uoni wa diopta 2.5, yaani −2.50, litaona wazi kwenye sentimita 40 bila miwani, na miwani itakuwa ya kutokea nje. Kwa bibi asiyetoka sana, ambaye siku yake ni msahafu, mchele wa kuchagua na ukili wa kusuka, huo mara nyingi ndio uamuzi mzuri, na hauongezi gharama hata shilingi.

Hapa pana kosa linaloumiza watu kila mwaka. Yupo mzee ambaye maisha yake yote amekuwa haoni mbali vizuri, lakini karibu anaona bila miwani. Yupo na mwingine ambaye mtoto wa jicho, unapokomaa katikati ya lenzi, umempa nguvu ya kusoma tena bila miwani, akafikiri macho yamerudi ujana. Hawa wakilengewa mbali bila kuulizwa, wanaamka wakiona mnara wa msikiti lakini hawaioni sindano. Kwao hiyo ni hasara, na ina haki ya kuwauma. Basi mgonjwa aseme mwenyewe, asingoje kuulizwa: "Mimi husoma bila miwani, na ninataka nibaki hivyo." Sentensi hiyo ina thamani kuliko aina ya lenzi.

Njia ya katikati ni kulipatia kila jicho kazi yake. Jicho linaloongoza hulengwa mbali, na la pili huachwa −1.25 au −1.50, kwa hiyo linashika simu, sahani na bei za dukani. Kulijua linaloongoza ni rahisi: nyoosha mikono, fanya tundu dogo kwa viganja, tazama taa iliyo mbali kupitia tundu hilo, kisha funga jicho moja baada ya jingine. Linalobaki na taa ndilo. Tofauti ya macho mawili ikipita diopta 2 wengi husumbuka kukadiria kina. Katika mji wenye ngazi za mawe zilizosimama, magati yenye utelezi na mashua inayopanda na kushuka, kukosea kina kwa hatua moja ni kuvunjika nyonga. Kabla ya kukubali, omba ujaribishwe kwa miwani ya majaribio, utembee ukumbini na ushuke ngazi, ikiwa mtoto wa jicho haujawa mzito mno kuruhusu jaribio hilo.

Lenzi zinazotangazwa sana ni zile za umbali zaidi ya mmoja. Trifokali ina duara ndogondogo zilizochongwa juu yake ambazo huugawa mwanga: sehemu kwa mbali, sehemu kwa sentimita 60 hadi 80, sehemu kwa sentimita 40 hivi. Anayefanikiwa nayo huweza kuacha miwani kwa shughuli karibu zote. Lakini mwanga uliogawanywa ni mwanga uliopungua kila mahali. Rangi zinazokaribiana hutofautishwa kwa shida zaidi, hasa jioni, na taa za usiku huzungukwa na pete au huchanua miale. Kwa wengi ubongo huzizoea pete hizo katika miezi michache, kwa wachache hauzizoei kabisa. Ipo pia ya upeo mrefu, ambayo huunyoosha umbali badala ya kuugawa: mbali na kadiri ya mkono ni safi, herufi ndogo bado zitataka miwani hafifu, na pete za usiku kwa kawaida ni chache kuliko za trifokali.

Mvuvi anayekesha baharini, ambaye usalama wake ni kuitofautisha taa ya mashua na taa ya ufukweni, tunamshauri aepuke trifokali. Vivyo hivyo dereva anayeendesha usiku kati ya Malindi, Garsen na Mokowe, na mwenye tuktuk anayekesha Malindi. Anayeweza kufaidika ni mtu wa mchana: karani, mwalimu, mwenye duka, anayechukia miwani kwa dhati, mwenye macho yasiyo na ugonjwa mwingine. Hayo maneno ya mwisho ndiyo mazito. Mwenye kisukari kilichogusa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, mwenye glakoma, yaani ugonjwa unaoharibu mshipa wa kuonea, mwenye kasoro katikati ya retina, mwenye kovu la konea, huyo asitiliwe lenzi ya kugawa mwanga hata kama anazo pesa mkononi. Jicho lake tayari limepungukiwa uwezo wa kutofautisha rangi na vivuli, na lenzi hiyo itampunguzia tena kile kidogo alichobakiwa nacho.

Na hapa ndipo tabia yetu ya kuchelewa inapotuponza. Wagonjwa wengi wa visiwani, wa Faza, Kizingitini, Kiwayu, hufika mtoto wa jicho akiwa mweupe pepe au wa kahawia nzito. Daktari hawezi kuiona retina kupitia hapo. Anaweza kupima kama jicho linatambua mwanga na upande unakotoka, kuangalia mboni inavyojikunja, na kupiga picha ya mawimbi ya sauti kuona kama retina imebanduka. Hapo atajua kama upasuaji una faida, lakini hatajua afya ya katikati ya retina. Kuweka lenzi ghali juu ya retina usiyoiona ni kulipia ahadi ambayo hakuna aliye na uwezo wa kuitimiza. Kwa jicho la namna hiyo, monofokali.

Lenzi ya toriki ni habari tofauti. Hiyo ni ya mtu ambaye konea yake haina mviringo sawa, upande mmoja umejikunja zaidi kuliko mwingine, hali iitwayo astigmatizimu. Ikiwa tofauti ya mikunjo hiyo miwili imezidi diopta 1 hadi 1.25, monofokali ya kawaida itamwacha na ukungu wa mbali mpaka avae miwani, na toriki inaweza kuirekebisha. Sisi, kama mtu ana fedha za nyongeza mara moja tu na konea yake imepinda kwa utaratibu, tungependa azitumie kwa toriki kabla ya kufikiria trifokali. Faida yake ni wazi, na haigawi mwanga.

Ila toriki inadai mkono wenye nidhamu. Lazima ikae katika mhimili wake. Ikikosea digrii 1, inapoteza kama asilimia 3.3 ya kazi yake. Ikikosea 10, theluthi moja imekwenda. Ikikosea 30 haikurekebisha chochote, na ikizidi hapo inaharibu. Jicho la mtu aliyelala chali huzunguka kidogo likilinganishwa na alipokuwa amekaa, kwa hiyo alama za wino huwekwa pembeni mwa konea mgonjwa akiwa amekaa wima, kichwa kimenyooka, kabla ya kulazwa kitandani. Ukiona unalazwa bila alama, na chumba hakina mashine ya kuutambua mhimili kwa picha, uliza. Baada ya kuiweka, daktari anapaswa kuyatoa maji mazito ya upasuaji hata yale yaliyo nyuma ya lenzi, maana yakibaki lenzi huteleza. Kuzunguka kwingi hutokea saa za mwanzo na siku ya kwanza. Ndiyo sababu mgonjwa wa toriki hapaswi kupanda boti kurudi kisiwani jioni ileile. Alale mjini, aangaliwe kesho yake. Ikiwa imezunguka, kuirudisha ni rahisi wiki ya kwanza au ya pili, kabla mfuko haujaishika.

Pwani yetu ina jambo moja linaloharibu hesabu zote hizi: kijinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho upande wa pua na kutambaa juu ya konea. Jua, upepo wa chumvi na mchanga hukikuza, na wavuvi wanacho zaidi. Kikishaingia juu ya konea huivuta na kuibadili mikunjo yake. Ukipimwa lenzi kikiwapo, kisha kikatolewa baadaye, konea hubadilika na lenzi inakuwa ya jicho ambalo halipo tena. Utaratibu salama kwa kijinyama kikubwa ni kukitoa kwanza, kungoja mwezi mmoja hadi mitatu mpaka vipimo viwili vya konea vilingane, ndipo lenzi ipimwe. Watu huona huo ni usumbufu. Lakini safari mbili za Mombasa ni nafuu kuliko lenzi ya toriki iliyowekwa kwa namba za uongo.

Macho makavu nayo husumbua. Kusi inapovuma, na kwa wanawake wanaokaa moshini jikoni, konea huwa na madoa ya ukavu, na mashine husoma tofauti kila inapopimwa. Matone ya kulainisha mara nne kwa siku kwa wiki kadhaa, na kukandwa kope kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, hutosha kwa wengi. Kisha ndipo upimwe. Siku ya kupimwa konea usitiliwe tone lolote kabla, wala usipimwe presha ya jicho kwa kifaa cha kugusa kabla ya kipimo hicho.

Kipimo chenyewe kinastahili maneno mengi kuliko kinavyopewa, kwa kuwa lenzi nyingi zilizoshindwa zilishindwa hapo. Namba kuu ni mbili: urefu wa jicho kutoka konea hadi retina, na mkunjo wa konea. Jicho la kawaida lina urefu wa milimita 23.5 hivi. Kosa la milimita 1 katika urefu huleta kosa la diopta 2.5 hivi katika miwani. Mashine ya mwanga haigusi jicho na ndiyo sahihi zaidi, ila mwanga hauwezi kupenya mtoto wa jicho mzito. Hapo hutumika mawimbi ya sauti. Ncha ya kifaa ikikandamizwa juu ya konea, jicho hubonyea, urefu unasomeka mfupi kwa sehemu ya milimita, hesabu inatoa lenzi yenye nguvu kupita kiasi, na mgonjwa anaishia haoni mbali. Mpimaji mzuri hugusa kwa wepesi, huchukua vipimo kadhaa, hutupa vile vilivyotoka nje, au hutumia kikombe cha maji ili ncha isiguse konea kabisa.

Omba yapimwe macho yote mawili hata kama ni moja linalopasuliwa. Yakitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.3 bila sababu inayojulikana, kipimo kirudiwe. Kirudiwe vilevile jicho likisomeka chini ya milimita 22 au juu ya 25. Kwa jicho refu au fupi sana, kanuni ya kukokotoa nayo ina maana: kanuni kongwe hukosea kwenye ncha hizo, na Barrett Universal II ni miongoni mwa mpya zinazotegemewa zaidi. Kila lenzi pia ina namba yake ya kiwanda inayoingizwa kwenye hesabu. Lenzi ya siku hiyo ikikosekana stoo na ikawekwa ya kampuni nyingine yenye diopta ileile, hiyo si lenzi ileile. Hesabu lazima ifanywe upya.

Katika kambi za macho zinazofika Lamu, ambazo zimewafumbua watu wengi na tunazishukuru, swali la kuuliza ni moja: "Mtanipima urefu wa jicho, au mnaweka lenzi ya wastani?" Ya wastani, +21 au +22, humfaa mwenye jicho la wastani. Mwenye jicho refu ataachwa na miwani mizito. Kama amekuwa akivaa miwani ya kutoa (−), ile ya kuonea mbali, tangu shuleni, aiseme, na ni afadhali angoje mahali penye kipimo.

Namna ya upasuaji inaingia pia katika uchaguzi. Kwa njia ya mkono, mlango hukatwa kwenye weupe wa jicho, milimita 6 hadi 7, hujifunga wenyewe mara nyingi bila uzi, na lenzi ngumu yenye kioo cha milimita 5.5 au 6 hupita. Kwa njia ya mashine, mtoto wa jicho husagwa kwa mawimbi ya sauti na kunyonywa kupitia tundu la milimita 2.2 hadi 2.8, na lenzi laini iliyokunjwa huingizwa na kufunguka ndani. Tundu dogo halibadili sana mkunjo wa konea, kwa hiyo toriki na trifokali huenda na mashine. Lakini tusidanganyane kwamba mashine ni bora siku zote. Mtoto wa jicho mgumu wa kahawia hudai nguvu nyingi ya kusaga, na nguvu hiyo huchosha seli za ndani ya konea, jicho likavimba kwa wiki. Kwa jicho hilo mkono wenye uzoefu hutoa matokeo mazuri sana, na lenzi laini inaweza kuwekwa kwa njia hiyo pia.

Kabla ya siku yenyewe, wazee wa kiume wanaomeza tamsulosini kwa ajili ya tezi dume wamwambie daktari, hata kama waliacha zamani. Dawa hiyo huilegeza iris, yaani duara lenye rangi linaloizunguka mboni, mboni ikakataa kubaki wazi, na daktari asiyejua hukutana na shida katikati ya kazi. Aliyewahi kupigwa jichoni na kamba, tufe au pembe ya mbuzi aseme pia, kwani nyuzi zinazoushika mfuko zinaweza kuwa zimekatika. Kisha uliza: "Mfuko ukipasuka mtaniwekea lenzi gani?" Jibu zuri lipo tayari: lenzi ya vipande vitatu, ikae mbele ya mfuko, na nguvu ipunguzwe kwa nusu diopta hadi diopta moja kwa kuwa imesogea mbele. Lenzi laini ya kipande kimoja haifai kukaa hapo, huikwaruza iris. Toriki na trifokali mara nyingi huachwa. Ulizia pia kama fedha ya nyongeza itarudishwa likitokea hilo, na iandikwe.

Tukiwa kwenye fedha: bei inayotajwa mara nyingi ni ya lenzi na chumba cha upasuaji tu. Taka iandikwe kama ndani yake mna vipimo, matone, marudio ya kuangaliwa, miwani ya mwisho, na kuirudisha toriki ikizunguka. Mwanachama wa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, aulize kabla kiasi gani kinalipwa kwa lenzi ya kawaida na kama nyongeza ya lenzi nyingine ni juu yake. Ongeza boti ya Mokowe, basi, chakula na malazi ya wawili, kwa sababu mtu hasafiri peke yake na jicho lililofunikwa.

Ganzi huwa ya jicho tu, na kazi yenyewe mara nyingi ni nusu saa au chini. Baada yake, kinga ya plastiki huvaliwa usiku kwa wiki moja au mbili, na kwenye boti ivaliwe hata mchana, maana maji ya bahari ya wakati wa kusi hurukia uso. Maji yasiingie jichoni wiki mbili za mwanzo. Kwa udhu, mwenyewe amuulize shekhe wake jinsi ya kufanya. Sisi tunachosema ni kwamba jicho lisirushiwe maji. Kuhusu kusujudu, muulize aliyekupasua: aliyepasuliwa kwa tundu dogo huruhusiwa mapema, mwenye mlango mpana au uzi huambiwa asalie kitini kwa muda. Kuruka na ndege kutoka Manda hakuna tatizo baada ya upasuaji wa kawaida, isipokuwa kama retina nayo ilitengenezwa na gesi ikaachwa ndani.

Matone ya kupunguza uvimbe huendelea wiki 4 hadi 6 yakipunguzwa taratibu. Tone moja linatosha, na kati ya dawa moja na nyingine ngoja dakika 5. Wengi huacha wiki ya pili kwa sababu wanaona vizuri, kisha uvimbe hurudi na katikati ya retina kukaja maji. Maumivu yanayozidi, wekundu unaoongezeka, au uoni unaoshuka siku yoyote ya wiki hizo si jambo la kungoja maji yajae. Vijidudu vikiingia ndani ya jicho, saa chache ndizo zinazoamua kama litaona tena. Afike hospitali siku hiyohiyo, usiku pia.

Miwani ya mwisho hupimwa baada ya wiki 4 hadi 6. Jicho la pili lisipangwe kabla ya kujua la kwanza limetua kwenye diopta ngapi, kwani kosa dogo la la kwanza husahihishwa katika hesabu za la pili. Anayeona pete zisizovumilika kwenye jicho la kwanza la trifokali ana haki ya kuchagua monofokali kwa la pili.

Miezi au miaka baadaye uoni ukirudi kuwa na ukungu, mara nyingi ni mfuko ulioota utando, na laza ya YAG, yaani mwale wa mwanga wenye nguvu, huufungua kwa dakika chache bila kisu. Lakini mwenye trifokali asikimbilie laza kama malalamiko yake yalianza tangu siku ya kwanza, kabla utando haujakuwapo. Mfuko ukishafunguliwa nyuma, kuibadili lenzi kunakuwa kugumu na kwa hatari zaidi. Kwanza iamuliwe kama lenzi inabaki.

Siku ya kuruhusiwa dai kadi yenye kibandiko cha lenzi: kampuni, aina, diopta, namba ya mfululizo, na jicho gani. Ipige picha, mtumie mwanao, na uiweke pamoja na kitambulisho. Daktari mwingine wa Malindi au Mombasa atakayekuangalia miaka kumi baadaye ataanzia hapo, na bila kadi hiyo atabaki kukisia.